Sura ya 4: Shamba Linapochoka, Huchoka Nini?

Kuna swali ambalo mkulima wa Salamabila, kusini mwa Maniema, hujiuliza akiwa ameegemea mpini wa jembe. Pori lilelile, mkono uleule, mbegu ileile. Mwaka wa kwanza baada ya kufyeka na kuchoma, mpunga hupanda hadi kiunoni na masuke huinama kwa uzito. Mwaka wa pili anavuna, lakini magunia yamepungua. Mwaka wa tatu magugu yanatangulia, mpunga unageuka manjano, naye anapanda muhogo kwa sababu muhogo hauchagui. Mwaka wa nne anachukua panga na kwenda kutafuta pori jingine. "Shamba limechoka," watu husema, na habari huishia hapo.

Hebu tusiishie hapo. Shamba halitembei wala halibebi mzigo, sasa linachoka nini? Kile kilichokuwamo mwaka wa kwanza kimekwenda wapi? Na kwa nini mgomba ulio nyuma ya jiko, pale mama anapomwaga majivu na maganda ya muhogo, hauchoki hata baada ya miaka 20?

Jibu liko katika kazi moja ambayo udongo huifanya bila kuonekana: kushika chakula cha mimea kisichukuliwe na maji, kisha kukiachia mizizi inapokihitaji. Katika ardhi nyekundu ya kusini mwa Maniema, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na ule udongo mweusi wa juu, usiozidi shubiri moja mahali pengi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Shambani hakuna nafuu hiyo. Pakacha likivuja, mwenye kuumia ni mkulima.

Chakula cha mmea kikoje?

Mmea hautafuni. Hunywa. Chochote unachoupa, kiwe samadi, majivu au mbolea ya dukani, lazima kwanza kiyeyuke majini ndipo mizizi ikivute.

Tazama chumvi unayotia katika chungu cha sombe. Punje hupotea lakini ladha inabaki, kwa sababu kila punje imegawanyika vipande vidogo mno vilivyobeba umeme. Kipande cha namna hiyo huitwa *ayoni*, na umeme kilioubeba huitwa *chaji*. Chaji ni za aina mbili, chanya na hasi. Zinazofanana husukumana, zinazotofautiana huvutana. Sheria hiyo moja ndiyo itakayotuongoza katika sura nzima.

Chakula kikuu cha mpunga, mahindi na muhogo huja kwa sura hizi:

- Ayoni chanya: potasiamu, inayosaidia shina kusimama na punje kujaa, kalsiamu, inayojenga mizizi na kuta za chembe hai, magnesiamu, iliyo kiini cha ukijani wa jani, na amoni, sura mojawapo ya nitrojeni.
- Ayoni hasi: nitrati, sura nyingine ya nitrojeni, na fosfati, inayohitajika mmea unapoota na unapotoa mbegu.

Sasa fikiria mvua moja kubwa ya milimita 50. Juu ya hekta moja, mvua hiyo ni lita 500,000 za maji, yaani mapipa 2,500 ya lita 200. Maji hayo yote hupita katika udongo au juu yake, yakitafuta njia ya kwenda mtoni, kwenye Luama na hatimaye Lualaba. Ayoni zingekuwa zinaelea tu ndani ya maji, msimu mmoja ungetosha kuziondoa zote. Kama hazikuondoka, basi zipo zilizoshikwa.

Jaribio la chupa mbili

Jambo hili unaweza kulishuhudia nyumbani. Tafuta chupa mbili za plastiki, ukate vitako vyake, uzigeuze midomo chini na kuziba midomo hiyo kwa kitambaa safi. Jaza kila moja udongo mweusi kutoka chini ya miti, uliochekechwa na kushindiliwa kidogo. Mwagia maji mpaka yaanze kudondoka.

Kisha pata dawa mbili za rangi ambazo zahanati hutumia kwa vidonda. Ya kwanza ni ile ya zambarau, ambayo Tanzania huitwa GV na Kongo violeti. Rangi yake ni ayoni chanya. Ya pili ni ile nyekundu iitwayo eosini, na rangi yake ni ayoni hasi. Tia matone machache ya kila dawa katika kikombe chake cha maji. Mimina zambarau katika chupa ya kwanza na nyekundu katika ya pili, taratibu, kisha subiri.

Katika chupa ya kwanza, maji yanayodondoka yatakuwa yamepoteza zambarau yake. Rangi imebaki juu, imeng'ang'ania udongo. Katika ya pili, wekundu utapita na kutokea chini. Maji ni yaleyale na udongo ni uleule, ila chaji za rangi zinatofautiana. Hapo utakuwa umeona kwa macho yako kwamba udongo mweusi wenyewe una chaji hasi. Hushika chanya na kuziacha hasi zipite. Ukirudia kwa mchanga wa mtoni, zambarau nayo itatokea chini mapema, kwa sababu mchanga hauna cha kushikia.

> Kwa ufupi: Chakula cha mmea ni ayoni, vipande vyenye chaji vinavyoelea majini. Udongo wenye chaji hasi hushika ayoni chanya zisisombwe na mvua. Nitrati, iliyo hasi, hushikwa kwa shida.

Kubadilishana kwa mizani

Kushika peke yake kusingetosha. Hazina isiyotoa haina faida kwa mwenye njaa. Aliyegundua kwamba udongo hutoa pia alikuwa mwenye mashamba wa Yorkshire, Uingereza, Harry Stephen Thompson. Mwaka 1845 alipitisha maji yenye mbolea ya amoni katika udongo na kuchunguza yaliyotokea chini. Amoni ilikuwa imebaki ndani, na mahali pake palikuwa na kalsiamu, ambayo yeye hakuitia. Mkemia John Thomas Way aliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1850 alieleza kwamba udongo hupokea ayoni moja kwa kuachia nyingine ya kipimo sawa.

Watu wa Salamabila wanaielewa biashara ya namna hii. Mnunuzi wa dhahabu haachi sahani moja ya mizani ielee juu, lazima upande wa pili uwe na uzito wake. Udongo nao hupima kwa chaji. Potasiamu ina chaji moja na kalsiamu ina mbili, kwa hiyo ili kalsiamu moja iondoke, lazima potasiamu mbili zikae mahali pake.

Mzizi unaijua biashara hiyo. Hutoa ayoni za hidrojeni, ambazo ndizo zinazofanya kitu kiwe kichachu, na kupokea potasiamu au kalsiamu iliyokuwa imeshikwa. Kwa hiyo kila suke unalovuna limelipiwa hidrojeni, na hidrojeni hiyo imebaki shambani. Ukivuna mwaka hadi mwaka bila kurudisha chochote, nafasi zilizokuwa na chakula hujaa hidrojeni, na udongo huwa mchachu. Tuliweke hili akilini, maana ni nusu ya jibu la swali letu.

Nani hasa anayeshika?

Udongo una washikaji wawili. Wa kwanza ni *udongo wa mfinyanzi*, zile chembe laini kabisa zinazonata mkononi. Wa pili ni *mboji*, yaani majani, mizizi na wadudu waliooza mpaka hawatambulikani tena, wakabaki kitu cheusi na chepesi.

Mfinyanzi hautofautiani kwa rangi tu. Ule mweusi wa mabondeni, unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, unashika ayoni nyingi. Ule wa ardhi nyekundu za tropiki umenyeshewa na kuoshwa kwa muda mrefu mno. Kilichobaki ni aina iitwayo kaolini, pamoja na kutu ya chuma inayoupa wekundu wake. Kaolini ni dhaifu sana katika kushika.

Mboji ni habari nyingine. Kila kichembe chake kimejaa vikundi vidogo vya tindikali, vya jamii moja na ile inayoipa siki ukali wake. Kila kikundi kikiachia hidrojeni yake, panabaki nafasi hasi, kama kiti kilicho wazi barazani. Kwa wastani, kilo 1 ya mboji hushika ayoni kiasi cha kilo 20 za kaolini, na mara nyingine zaidi.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua kilo 100 za udongo wa juu wa pori, zenye kilo 40 za kaolini na kilo 3 za mboji. Kila kilo ya kaolini tuihesabu kiti 1, na kila kilo ya mboji viti 20.

- Kaolini: viti 40.
- Mboji: viti 60.
- Jumla: viti 100.

Kilo 3 tu kati ya 100 zimebeba zaidi ya nusu ya kazi. Mboji ikipungua kutoka kilo 3 hadi kilo 1 na nusu, shamba limepoteza viti 30 kati ya 100, ilhali kwa macho udongo umebaki uleule, labda umepauka kidogo. Na ukichimba hadi kwenye wekundu mtupu, ambako mboji karibu haipo, unabaki na viti 40 tu. Shamba linapochoka, viti vya mboji ndivyo vinavyopotea kwanza.

Neema ya mwaka wa kwanza

Sasa turudi kwenye pori lililofyekwa kiangazi, likakauka, likachomwa kabla ya mvua. Moto hufanya mambo matatu kwa mpigo.

1. Hufungua ghala. Potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zilizokusanywa na miti kwa miaka mingi huwa majivu, tayari kuyeyuka. Hii ni akiba ya miaka 10 au 20 inayotolewa siku moja.
2. Hupunguza uchachu. Majivu hupambana na hidrojeni, nayo inapoondoka, viti vya mboji vilivyokuwa vimezibwa hufunguka. Hutuliza pia alumini, ambayo katika udongo mchachu huyeyuka na kudumaza mizizi.
3. Hupoteza. Nitrojeni na salfa hupaa na moshi. Ule moshi unaotanda juu ya vilima mwisho wa kiangazi ni mbolea iliyoondoka.

Mwaka wa kwanza unakula matunda ya mambo mawili ya mwanzo. Kuanzia wa pili hasara inajitokeza. Jua linapiga udongo mtupu, vijidudu vinaila mboji haraka kuliko inavyojengwa, kwa sababu hakuna majani mapya yanayodondoka. Viti vinapungua. Waliokuwa wamevikalia wanasombwa, na potasiamu ndiyo hutangulia, kwa kuwa chaji yake ni moja na imeshikwa kilegevu kuliko kalsiamu. Mizizi nayo inazidi kuacha hidrojeni. Kufikia mwaka wa tatu, viti vimepungua na vilivyobaki vimekaliwa na hidrojeni na alumini. Hiyo ndiyo maana ya "limechoka".

> Kwa ufupi: Majivu hujaza viti kwa muda, lakini hayajengi viti vipya. Viti hujengwa na mboji, na mboji hujengwa na mabaki yaliyoachwa yaoze.

Je, mboji nyingi yatosha?

Msomaji makini atauliza: kama mboji ndiyo yote, mbona udongo wa kinamasi, mweusi tititi, hauzai? Swali zuri, na jibu lake tunalo nchini mwetu. Katika bonde la kati la Kongo, pande zote mbili za mpaka wa Kongo mbili, mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba kuna eneo la takriban kilomita za mraba 145,000 la mboji ya kinamasi, mabaki ya mimea yaliyorundikana majini kwa maelfu ya miaka bila kuoza kikamilifu. Udongo huo una viti vingi kupita kiasi. Lakini maji yake kwa sehemu kubwa ni ya mvua, ambayo haina kalsiamu wala potasiamu ya maana, kwa hiyo viti vimejaa hidrojeni. Unafanana na baraza kubwa iliyojaa wageni wasioleta kitu.

Kwa hiyo mambo ya kuuliza juu ya shamba lolote ni mawili: lina viti vingapi, na nani amevikalia? Mboji hujibu la kwanza. Majivu, samadi, chokaa na mbolea hujibu la pili. Ukishughulikia moja na kuliacha jingine, kazi imebaki nusu.

Pori hujenga vipi tena?

Babu zetu hawakuwa na neno ayoni, lakini waliijua dawa: kuliacha shamba lilale. Lualaba inayopita karibu na Kasongo hushuka hadi Kisangani, ikaitwa Kongo, na mbele kidogo hupita Yangambi, penye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa miaka ya 1930. Mwaka 1953 watafiti wa huko walichapisha vipimo vya virutubisho vilivyokusanywa na pori lililoachwa kwa vipindi mbalimbali, hadi miaka 18. Waliona kwamba miti midogo hukusanya kwa kasi katika miaka ya mwanzo. Mizizi mirefu huvuta juu ayoni zilizokwisha kuzama, majani hudondoka, na viti hujengwa upya.

Shida ya leo ni muda. Pale machimbo ya dhahabu yalipokusanya watu, na pale hofu ya watu wenye silaha ilipowafanya waogope mashamba ya mbali, ardhi ya karibu hulimwa tena kabla haijapumzika. Simlaumu mtu. Anayelima karibu na nyumba anataka watoto wake wale na yeye arudi salama. Lakini kama pori halipewi muda wa kujenga mboji, lazima sisi tuisaidie kazi hiyo kwa mikono yetu.

Dhahabu chini, chakula juu

Salamabila tunaishi juu ya mali mbili. Moja iko chini, na wengi wameifuata kwa sururu na beleshi. Nyingine iko juu, shubiri moja ya weusi. Shimo linapochimbwa, udongo mweusi hutupwa kwanza, kisha mwekundu wa chini hulundikwa juu yake. Mchimbaji akiondoka, kilichobaki juu ni kile cha viti 40, na cha viti 100 kimezikwa.

Kinga yake haigharimu fedha: udongo mweusi uwekwe lundo lake peke yake, na shimo linapofukiwa urudishwe mwisho, juu. Anayekodisha shamba lake lichimbwe ana haki ya kudai hilo kabla sururu haijagusa ardhi.

Siri ya mgomba wa nyuma ya jiko

Sasa tunaweza kumweleza mama kwa nini mgomba wake haukomi kuzaa. Maganda, mabua na kinyesi cha mbuzi hujenga viti. Majivu hufukuza hidrojeni na kuleta potasiamu. Vipande vya makaa navyo husaidia, kwa sababu kadiri miaka inavyopita kingo zake hupata nafasi hasi kama mboji, tena makaa hukawia mno kuoza. Nchini Liberia watafiti wameeleza udongo mweusi unaozunguka vijiji, uliojengwa kwa vizazi na taka za jikoni, majivu na makaa, katikati ya ardhi nyekundu kama yetu. Waliojenga udongo huo kwa kiasi kikubwa ni wanawake, wakiwa katika kazi zao za kila siku.

Haya basi ndiyo mtu anayoweza kuanza nayo msimu huu:

1. Usichome majani ya mpunga. Zaidi ya robo tatu ya potasiamu ambayo mpunga huichukua hubaki katika majani na mashina. Yatandaze shambani.
2. Tandaza majivu yawe membamba. Lundo moja huunguza mahali pamoja na kuacha pengine na njaa. Usiyachanganye na samadi mbichi, maana nitrojeni itapaa hewani.
3. Chukua pumba na makapi ya mashine ya mpunga. Mahali pengi hutupwa au kuchomwa. Yaozeshe pamoja na kinyesi cha mifugo.
4. Gawa mbolea ya dukani. Nitrati haishikiki, kwa hiyo dozi ndogo mara mbili au tatu ni bora kuliko kubwa moja kabla ya mvua.
5. Zungusha na karanga au maharage. Mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyochukua nitrojeni kutoka hewani.
6. Usiache udongo uchi. Majani yaliyotandazwa huzuia jua lisiimalize mboji.

Na kabla hujaanza, fanya kipimo kimoja. Chukua panga, chimba kishimo cha kina cha goti katika shamba lako lililochoka, na kingine chini ya miti mikubwa ambayo haijafyekwa. Safisha ukuta wa kila kishimo mpaka uone mahali weusi unapoishia na wekundu unapoanza. Weka vidole vyako ubavuni na uhesabu: huku vidole vingapi, kule vingapi? Andika hesabu hizo mahali hazitapotea. Miaka 5 ijayo rudi na vidole vilevile, uchimbe tena. Shamba lako litakuwa limekujibu.